Indiketa Zilizoshikwa na Haraka

Mpwa wangu ana mabega mapana. Ameyatoa kwa marehemu dada yangu, aliyekuwa akipita mlangoni kwa ubavu hata kama hajabeba kitu. Sisemi kwa kumcheka, nasema kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Vioo vya pembeni vilivyokuja na pikipiki yake vilikuwa vifupi, na kila akitaka kuona nyuma alikuwa anaona viwiko vyake mwenyewe. Sasa mtu anayefundisha wengine kuendesha hawezi kukaa hivyo, anatazama viwiko.

Kufundisha ndiyo kazi yake. Miaka sita alipeleka vifurushi mitaani kwa pikipiki, na kila siku akawa anakuta wanawake wamesimama kando ya barabara wakingoja mtu wa kuwabeba. Siku moja akaacha kazi ya watu, akapanga chumba kinachotazamana na kibanda cha kinyozi, akachora alama za barabarani ukutani kwa mkono wake, na akaanza kufundisha wanawake. Alipata wanane. Wote wanamwita Mwalimu, na mumewe naye humwita hivyo hivyo, hasa akiwa na shida ya chai.

Kilichobaki kilikuwa muhuri. Pikipiki ya kufundishia lazima ipite ukaguzi, na mkaguzi huja kwenye kituo cha ukaguzi mara moja kila miezi mitatu. Bila muhuri wake, hakuna mwanafunzi wa Mwalimu anayeruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Mara iliyopita mkaguzi aliugua na ukaguzi ukafutwa. Wanane wale walivumilia, lakini watatu kati yao walishamwambia uso kwa uso kwamba safari hii ikishindikana watatafuta mwalimu mwingine, na hao watatu wakiondoka, watano waliobaki hawangekaa kuwalindia viti. Chumba chenyewe kingefungwa. Kwa hiyo siku hii ninayoisimulia, ukaguzi saa tisa alasiri, ndiyo ilikuwa siku yake, hapakuwa na nyingine.

Mimi nilikuwa nimekuja kuwatembelea kwa siku tatu tu. Ilikuwa wiki ya pili.

Mumewe ni fundi bomba, na ni mtu mwema kupita kiasi. Ubaya wake ni mmoja, wema wake haungoji kuulizwa. Jana yake mchana, Mwalimu akiwa uwanjani anafundisha kwa pikipiki ya kuazima, mume alimletea vioo vipya, virefu, vyenye shingo kama ya mbuni, na ndani ya kila kioo mna indiketa, mstari mwembamba wa taa za LED. Akavifunga mwenyewe. Kisha akazitazama indiketa za zamani za mbele, zile zenye vichwa kama vitunguu, akaona sasa hazina kazi. Kwa fundi bomba hilo ni jambo zito. Bomba likishakuwa halipeleki maji popote, yeye halali mpaka alikate na kuziba mdomo, maana anasema humo ndimo uchafu unamozaliana. Akachukua msumeno wa chuma, akazikata indiketa za mbele zote mbili, akapiga tupa, akapaka rangi, na nyaya zake akazifunga utepe vizuri sana. Nilikuwapo. Nilimshikia kopo la rangi na nikamsifu.

Asubuhi, saa mbili, Mwalimu alitoka, akaviona vioo, akamkumbatia mumewe mbele ya watu, jambo ambalo kinyozi analizungumza mpaka leo. Akapanda, akawasha, akatazama nyuma akaona barabara nzima hadi kule kona ya kwa muuza mkaa. Akabonyeza indiketa ya kushoto.

Ilikuwa kama kope za mtu aliyeingiwa na pilipili. Tikitikitikitiki. Akabonyeza ya kulia, hali ile ile. Mwalimu alizima injini. Yeye orodha ya mkaguzi anaijua kwa moyo: indiketa isipungue mapigo sitini kwa dakika, wala isizidi mia na ishirini. Ile ilikuwa inapiga kama mia mbili.

Fundi bomba akasema tulia, mke wangu, hii naijua. Akaeleza kwamba presha ni kubwa. Taa hizi mpya ni ndogo, tundu lake jembamba, na umeme unakuja na nguvu yake ile ile ya zamani, basi unagonga, kama maji yanavyogonga bomba usiku mtu akifunga koki ghafla. Dawa ni kupunguza. Kinyozi, ambaye alikuwa amemwacha mteja kitini na povu la sabuni kidevuni, alisema hata yeye anaona hivyo. Nami nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na mtu mwenye chai hana haraka ya kubishana, nikanyamaza.

Basi akapunguza. Katika boksi la vioo mlikuwa na balbu mbili ndogo za LED za zawadi. Akang'oa balbu za kawaida za nyuma kwa koleo, moja ikapasuka mkononi mwake, akaweka hizo ndogo. Akabonyeza. Sasa hazikuwa zinapepesa tena, zilikuwa zinatetemeka.

Kinyozi akasema, "Fundi, hapo umeitibu au umeitia homa?"

Fundi akamjibu kwamba mteja wake anakaukiwa na povu, aende akamhudumie. Lakini niliona masikio yake yamebadilika rangi, na Mwalimu alikuwa ameanza kuuma ukucha wa kidole gumba, tabia aliyokuwa nayo tangu ana miaka minne. Nikaweka kikombe chini.

Shule mimi nilisoma vipande vipande, darasa huku, darasa kule, kutegemea baba alikuwa amepata kibarua wapi. Lakini niliwahi kuwa utingo wa lori mwaka mzima na kitu, na dereva wangu alikuwa mtu wa kueleza. Indiketa ikiharakisha, alikuwa hasemi imeharibika. Alikuwa anasimamisha lori, ananiambia shuka uzunguke, kuna taa imekufa. Na kila mara ilikuwepo.

Nikamwambia fundi afungue kiti. Chini yake, kando ya betri, kuna kidude cheusi kama kiberiti, mafundi wanakiita flasha. Ndicho kinachowasha na kuzima. Nikawaeleza kwamba hiki hakijui habari za taa kwa macho, kinajua kwa uzito. Taa mbili za kawaida, ya mbele na ya nyuma, zikivuta umeme pamoja, kinahisi mzigo wake na kinapiga polepole. Mzigo ukipungua, kinaamini taa imekufa, na hapo kinakimbia makusudi ili mwenye chombo ashtuke. Taa za LED zinakula umeme kidogo sana, kama mgeni anayesema ameshakula. Kwa hiyo tangu jana flasha ilikuwa inapiga kelele kwamba taa za mbele zimekufa. Na sisi asubuhi ile tukaenda tukaua na za nyuma.

Fundi bomba alikaa juu ya ndoo yake ya vifaa. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo, Mjomba, kila nilichokitoa ili ipoe ndicho kilichoiongezea mbio?"

Nikamwambia ndiyo. Na kwamba mimi ndiye niliyeshika kopo la rangi.

Kurudisha taa za zamani haikuwezekana, maana zile zenye vichwa vya vitunguu zilishakuwa vipande kwenye ndoo, na alikuwa amekata hadi mzizi. Tukaenda, mimi na yeye, kwa Mama Spea, dukani kwake mtaa wa pili, duka lenye minyororo ya pikipiki inayoning'inia mlangoni hadi mtu anaingia kama anafungua pazia. Mwalimu tulimwacha aoshe chombo. Alihitaji kuwa na kitu mikononi.

Mama Spea alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtaka fundi arudie lile la msumeno.

"Shemeji," akasema, "watu hufungua nati. Nati iko pale, inakutazama. Wewe ukapita na msumeno?"

Fundi akasema nati ilikuwa na kutu. Mama Spea akasema hata yeye ana magoti yenye kutu na hajakatwa. Halafu akawa mtu wa biashara. Alituwekea vitu viwili mezani. Cha kwanza ni vizuizi, vipande vyekundu vya bati vyenye nyaya mbili, vinavyofungwa sambamba na taa ili flasha idhani mzigo umerudi. Nilivikataa, maana vinachemka kama pasi, na kule nyuma ya pikipiki mahali pake pangekuwa kando ya plastiki. Cha pili ni flasha mpya, ya elektroniki, isiyojali uzito. Hiyo inapiga kwa saa yake yenyewe, uifungie taa kubwa au kimulimuli. Ina miguu mitatu badala ya miwili, huo wa tatu unakwenda kwenye chuma cha fremu. Tukaichukua hiyo. Njiani nilimwambia fundi, kwa sauti ya mtu aliyesafiri, kwamba kazi imekwisha.

Tulifika saa sita. Nikaifunga flasha, mguu wa tatu nikaupeleka kwenye boliti ya fremu baada ya kuikwangua rangi. Mwalimu akawasha injini, akabonyeza kushoto. Tik. Tak. Tik. Tak. Mwendo wa mtu anayetoka kula. Fundi bomba akashika kichwa kwa furaha. Mimi nikaanza kutafuta kikombe changu.

Kinyozi, kutoka mlangoni kwake, wembe mkononi, akauliza kama pikipiki inakwenda kushoto au kulia.

Tukazunguka. Kushoto inapepesa, kulia inapepesa, mbele na nyuma, zote nne kwa pamoja, kwa adabu kabisa. Mwalimu akabonyeza kulia. Zote nne. Hivi ndivyo gari linavyofanya likikwama katikati ya barabara. Hakuna mkaguzi duniani anayetia muhuri chombo kisichojua kinakokwenda.

Hapo nitasema ukweli, nilipata joto la uso. Dereva wangu wa lori hakuwahi kunifundisha hili, kwa sababu lori letu halikuwa nalo. Mwalimu hakunilaumu. Alisema tu, bila kumtazama mtu, kwamba anaweza kwenda kuwaambia wanane wale mapema ili wasije kituoni bure. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na ndiyo iliyotuumiza. Mumewe akamwambia ampe saa moja. Akasema, nipe saa moja, mke wangu, halafu useme utakalo.

Nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja, ndiyo njia pekee ninayoijua. Nikatoa flasha mpya nikarudisha ya zamani, zote nne zikatetemeka. Basi si flasha, nikairudisha mpya. Nikachomoa kioo cha kushoto, zilizobaki zikaendelea. Basi si kioo. Mwishowe nikachomoa kile kijitaa cha kijani kwenye dashibodi, kile kimoja kinachomwonyesha mwendeshaji kwamba indiketa inafanya kazi. Nikabonyeza kushoto. Ikapiga kushoto peke yake. Kulia, ikapiga kulia peke yake.

Tukainama juu ya dashibodi sote watatu. Pikipiki ile ina kijitaa kimoja kwa pande zote mbili. Waya wake mmoja umefungwa kwenye indiketa za kushoto, wa pili kwenye za kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kijitaani na kutokea upande wa kulia, kidogo tu. Zamani hicho kidogo hakikuweza kuwasha balbu kubwa. Lakini taa za LED zinawaka hata kwa makombo.

Nikasema basi tukiache nje, inatosha. Mwalimu akatikisa kichwa. Kijitaa cha dashibodi kimo katika orodha, mstari wa kumi na moja.

Fundi bomba alikuwa bado ameinama. Akafuata waya kwa kidole, kutoka kushoto, kupita kijitaani, hadi kulia, kisha akarudi. Akafanya hivyo mara mbili. Halafu akasimama wima.

"Mjomba, hapa maji yanarudi," akasema. "Kwenye umeme hamna valvu ya njia moja?"

Nilimtazama mkwe wangu kana kwamba ndiyo kwanza anafika nyumbani. Nikamwambia ipo. Inaitwa dayodi, ni kama punje ya mchele mweusi yenye mstari mweupe mwisho mmoja, na umeme unaingia upande usio na mstari na hauwezi kurudi. Akaniuliza ziko wapi. Nikasema ndani ya chaja yoyote iliyokufa mnakuwa nazo nne. Kinyozi, ambaye hakuna aliyekuwa anaongea naye, aliingia ndani akatoka na droo nzima ya chaja za mashine za kunyolea, akasema alijua tu zitakuja kuwa na maana, mkewe alitaka kuzitupa.

Kuanzia hapo fundi ndiye aliyekuwa bwana wa kazi, mimi nikawa wa kushika. Alichora kwenye kipande cha boksi kama anavyochora mabomba ya bafu: bomba la kushoto na valvu yake, bomba la kulia na valvu yake, yote mawili yanakutana mdomoni mwa kijitaa, na upande wa pili wa kijitaa unamwaga kwenye fremu. Maji ya kushoto yanafika kijitaani, hayawezi kupanda kulia. Ya kulia vivyo hivyo. Nilitafuta kosa katika mchoro ule sikuliona, na nililitafuta kwa bidii, kwa sababu ya lile joto la uso.

Pasi ya kulehemu nyaya hatukuwa nayo. Akatoa taa yake ya gesi ya kuunganishia mabomba, akapasha kipande kinene cha waya wa shaba kilichofungwa kwenye mpini wa tupa, na kwa ncha hiyo akazishikisha dayodi zile kwa risasi ya kulehemia, mikono yake minene ikienda polepole kama ya mtu anayemvisha mtoto hereni. Saa nane kasoro robo akaurudisha utepe. Mwalimu akabonyeza kushoto. Kushoto peke yake, na kijitaa cha kijani kinaitikia. Kulia. Kulia peke yake, kijitaa kinaitikia. Kila mmoja alitazama mlango wa kinyozi, tukingoja aone kasoro. Kinyozi alitazama muda mrefu, kisha akasema aende akafunge duka, maana hawezi kukosa huo ukaguzi.

Kituo cha ukaguzi ni ua mmoja mkubwa wenye mistari ya njano na kibanda cha mabati. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linakata, na saa ya mkononi ambayo aliivua akaiweka kiganjani. Alianza na breki. Akaenda kwenye matairi, honi, taa kubwa. Kisha akasema kushoto.

Alihesabu dakika nzima. Hakukadiria, alihesabu, midomo ikicheza, jicho moja kwenye saa. Nami nilihesabu. Fundi bomba alihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, akapotea, akaanza upya. Mkaguzi akasema themanini na nne, akaandika. Akasema kulia. Dakika nyingine. Themanini na nne. Akainama akatazama kijitaa cha dashibodi, akaandika.

Halafu akapitisha kidole mahali ambapo indiketa za mbele zilikuwa. Akapitisha tena. Akauliza nani aliyekata hapa.

Mwalimu alifungua kinywa, lakini mumewe alikuwa ameshanyoosha mkono juu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akasema ni yeye, yeye ni fundi bomba, na hapendi kuacha bomba lisilo na kazi. Mkaguzi alimtazama, akatazama tena chuma.

"Umepiga tupa vizuri," akasema. "Wengi wanaacha ncha, inakata watu magoti."

Na akaendelea na orodha. Kilichobaki kilikuwa vioo. Alimwambia Mwalimu akae kama anaendesha, mikono kwenye usukani, bila kugeuza shingo, aseme anaona nini nyuma yake.

Mwalimu akatazama kioo cha kushoto, kisha cha kulia. Akasema anaona geti, anaona pikipiki mbili zinazongoja zamu, anaona kinyozi aliyekunja mikono, anaona mjomba wake. "Na naona mume wangu," akasema, "ameshika kichwa."

Mkaguzi aliandika kwa muda ambao nilidhani ni mwaka. Kisha akapiga muhuri, mara moja, na kibao kizima cha kuandikia kikatetemeka.

Wanane wale walikuwa nje ya geti. Sikuwa nimejua kwamba wangekuja kweli, pamoja na wale watatu. Mwalimu aliwapa tarehe ya mtihani, akaisema kwa sauti mara mbili, kisha akavaa kofia ngumu, akaonyesha kulia, akatazama kioo, akaingia barabarani kwa adabu zote anazowafundisha. Sisi tukamfuata kwa miguu, na kwa kuwa barabara ilikuwa na watu wengi alikwenda polepole, tukawa karibu naye njia nzima.

Alipinda kulia. Akanyoosha. Indiketa ikabaki inapepesa. Akapita kwa Mama Spea, akapita kwa muuza mkaa, inapepesa tu, themanini na nne kwa dakika, na yeye amekaa wima anatabasamu hadi kwenye masikio. Wanafunzi wakaanza kusukumana. Mmoja wao, muuza ndoo, mwanamke asiyeogopa mtu, alimkimbilia hadi ubavuni.

"Mwalimu, indiketa," akasema. "Ingekuwa ni mimi ungenishusha."

Mwalimu akatazama dashibodi, akacheka mpaka ikabidi asimame kando. Alipeleka kidole gumba aizime. Mumewe akamfikia, akiwa anahema, akamshika mkono.

"Bado kwanza," akamwambia. "Iache kidogo niitazame."